Penye Diko Ndipo Penye Jiko: Kula Katika Pwani ya Jamaika

Mkaazi wa kisiwa anapofika katika kisiwa cha watu wengine, jambo la kwanza analolitazama ni bahari, na la pili ni sufuria. Sisi nasi hatukuwa tofauti tulipofika Jamaika mwanzoni mwa mwaka 2024. Habari za nchi hiyo tulikuwa tukizisoma tangu tukiwa skuli: kwamba ilijipatia uhuru wake tarehe 6 Agosti, 1962, kwamba Mwalimu Nyerere aliitembelea mwaka 1974, wakati Michael Manley, Waziri Mkuu wake, alipokuwa akiitafuta njia ya ujamaa wa kidemokrasia, na kwamba ni kisiwa chenye kilomita za mraba zipatazo 11,000, yaani zaidi ya mara sita ya Unguja. Lakini wapi mtu mwenye njaa aelekee akiwa katika pwani ya nchi hiyo, hilo hatukulisoma popote isipokuwa katika vijitabu vya mahoteli, ambavyo shabaha yake ni kumzuia msomaji asitoke hotelini.

Kwa hivyo tuliamua kuizunguka pwani hiyo kwa gari za abiria, tukila pale wanapokula wenyeji. Hatuandiki makala haya ili kuwatamanisha wasomaji wetu vyakula ambavyo wengi wetu hatutavifikia. Tunaandika kwa sababu lipo jambo tuliloliona karibu kila tulipoketi kula, nalo linawahusu wananchi wa visiwani na linawahusu zaidi ndugu zetu waliokabidhiwa dhamana ya uvuvi, utalii na ardhi. Chakula kizuri cha pwani ya Jamaika kinapatikana pale ambapo mvuvi bado ana haki ya kupandisha chombo chake mchangani. Mvuvi akiondolewa, mpishi naye huondoka, na baada ya mpishi huondoka mwananchi wa kawaida, akabaki mgeni peke yake akila samaki aliyetoka katika majokofu ya nchi za mbali.

Tulianzia Port Royal. Mji huo uko kwenye ncha ya ulimi mrefu wa mchanga, uitwao Palisadoes, unaoikinga bandari ya Kingston na mawimbi. Zamani ulikuwa mji wa maharamia na matajiri. Tarehe 7 Juni, 1692 tetemeko la ardhi likaizamisha sehemu yake kubwa baharini. Kilichobaki leo ni kijiji cha wavuvi chenye ngome kuukuu, na mkahawa wa Gloria's ambao watu wa Kingston huufuata mwisho wa wiki kama sisi tunavyokwenda Forodhani. Hapo tulipewa changu mzima aliyekaangwa akakauka, kisha akamwagiwa siki iliyochemshwa pamoja na vitunguu, karoti na pilipili. Upishi huo, wanaouita escovitch, asili yake ni kwa Wahispania walioitawala Jamaika kabla ya Waingereza kuiteka mwaka 1655. Mwenye kupenda samaki laini huagiza wa kupikwa kwa mvuke pamoja na bamia.

Mwaka 2025 UNESCO iliuingiza mji huo wa kale katika orodha ya Urithi wa Dunia, kama ilivyouingiza Mji Mkongwe wetu mwaka 2000. Na tangu Januari 2020 meli kubwa za watalii zimekuwa zikitia nanga hapo. Tulimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kama meli hizo zimemletea wateja. Akatujibu kwamba meli huja na jiko lake.

Upande wa pili wa mlango wa bandari, katika parokia ya St. Catherine, ipo Hellshire. Hapo tutakaa kidogo.

Kwa watu wa Kingston na Portmore, Hellshire ndiyo pwani yao. Si pwani ya wageni. Hufika huko Jumapili kwa mabasi, na familia nzima, babu kwa wajukuu, nao hawaji na chakula kwa sababu chakula kipo. Vibanda vya mbao vimesongamana mbele ya maji, kila kimoja na mama lishe wake, na kila mama lishe na sanduku la barafu lenye samaki wa asubuhi ile. Mteja huchagua samaki wake kwa macho, akapimiwa kwa ratili, akaambiwa bei. Tunamnasihi kila atakayefika huko apatane bei kabla samaki hajaingia mafutani, kwani baada ya hapo mazungumzo huwa yamekwisha. Halafu husubiri. Samaki wa Hellshire hakaangwi mpaka aagizwe, na aliye na haraka na aende kwingine.

Pamoja na samaki huletwa vitu viwili. Cha kwanza ni mkate mdogo mrefu wa unga wa mahindi na sukari, uliokaangwa, wanaouita festival; mtu wa Zanzibar akiuona atasema ni andazi lililokwenda ng'ambo likarudi na jina jipya. Cha pili ni bammy, mkate wa muhogo. Huu ndio uliotugusa zaidi. Ni chakula cha Wataino, watu wa asili wa kisiwa hicho, ambao walikuwa wakiishi humo kabla Columbus hajafika mwaka 1494. Wataino walikwisha kwa maradhi, kazi za shuruti na mauaji, lakini mkate wao ukabaki mikononi mwa Waafrika waliowafuatia. Muhogo mchungu hukunwa, ukakamuliwa maji yake yenye sumu, ukachujwa na kuokwa kwa umbo la duara. Kisha wakati wa kula huroweshwa katika tui la nazi na kukaangwa mpaka ugeuke rangi ya dhahabu. Muhogo tunao, nazi tunazo, na kukuna tunajua. Kwa nini sisi hatuna mkate wa namna hiyo unaoweza kukaa kabatini siku nyingi, hilo ni suali ambalo tuliondoka nalo na mpaka leo tunalo.

Lakini Hellshire inakufa, nasi hatuna budi kulisema hilo wazi. Ufukwe uliokuwa mpana kiasi cha watoto kuchezea mpira sasa umeliwa na bahari, na baadhi ya vibanda vimeporomoka majini. Mama mmoja aliyetupikia alinyoosha mkono kutuonyesha mahali lilipokuwapo jiko la mama yake. Alikuwa akionyesha mashua iliyotia nanga.

Sababu yake si moja, wala haikuanza juzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 matumbawe hai yalifunika zaidi ya nusu ya miamba iliyochunguzwa na wataalamu pembezoni mwa Jamaika; kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 hayakufika asilimia 5. Katikati ya vipindi hivyo ilipita tufani ya Allen, mwaka 1980, ikayavunja. Kisha miaka ya 1983 na 1984 ukaja ugonjwa uliomuua yule kiumbe mweusi wa baharini mwenye miiba mirefu, ambaye watoto wa pwani huogopa kumkanyaga, naye ndiye aliyekuwa akila mwani unaoyafunika matumbawe. Angeweza kusaidiwa na samaki walao mwani, hasa pono, lakini pono walikwishavuliwa kwa madema yenye matundu madogo, hata wale wa kiganja kimoja. Pono huguguna mwamba na kutoa mchanga. Matumbawe huyavunja mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Alipoondoka pono yakafuata matumbawe, na mchanga ukafuata. Jambo hili tunaliandika taratibu ili lisomwe taratibu: mama lishe wa Hellshire anapoteza kibanda chake leo kwa sababu ya samaki wadogo waliokaangwa kabla yeye hajazaliwa.

Samaki wengi wanaoliwa pwani ya kusini hivi sasa hutoka mbali, katika Benki ya Pedro, umbali wa kilomita zipatazo 80 kutoka nchi kavu, ambako wavuvi hukaa siku nyingi juu ya visiwa vidogo visivyo na maji. Bei ya mafuta ya mashine na barafu imo ndani ya bei ya sahani. Anayelalamika kwamba samaki wa Hellshire ni ghali na alikumbuke hilo.

Kutoka hapo tulipita Old Harbour Bay, diko kubwa kuliko yote tuliyoyaona katika safari ile, lenye mnada wenye kelele na harufu ambazo zilitufanya tujihisi tuko nyumbani. Ni katika ghuba hiyo kwamba tarehe 10 Mei, 1845 ilitia nanga meli ya Blundell, iliyowaleta vibarua wa kwanza kutoka Bara Hindi, baada ya watumwa kuwa huru kamili mwaka 1838 na mabwana wa mashamba ya miwa kukataa kuwalipa ujira wa haki. Wahindi hao waliletwa kunyonywa mahali pa wengine walionyonywa, na kisiwa kikapata bizari. Leo mchuzi wa mbuzi wa bizari ni chakula cha harusi, cha msiba na cha kampeni za uchaguzi, na hapana Mjamaika anayeuona kuwa ni wa kigeni.

Alligator Pond iko magharibi zaidi, katika parokia ya Manchester. Barabara inayoshuka huko ilitufanya tusome dua zote tulizofundishwa chuoni. Mwisho wake upo mkahawa uitwao Little Ochie, ulioanzishwa mwaka 1989 mbele ya diko la kijiji, na leo Wajamaika husafiri nusu ya kisiwa kuufuata. Wateja huketi ndani ya mashua kuukuu zilizowekwa meza na kuezekwa makuti. Samaki huchaguliwa jikoni kwenyewe: changu, kolekole, kamba wakubwa wa miamba, kome. Kisha mteja huulizwa anataka apikwe vipi, na majibu ni mengi mno: kwa bizari, kwa kitunguu thomu, kwa siki, kwa nazi, au kwa kuchomwa. Sisi tulichukua kamba wa kitunguu thomu na hatukujuta. Lakini itambulikane kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 30 Juni kila mwaka sheria ya Jamaika hukataza uvuvi wa kamba hao, ili wazae. Mgeni anayeletewa kamba mbichi mwezi wa Mei analetewa kosa la jinai pamoja na ndimu.

Kilichotupendeza Alligator Pond si upishi peke yake. Mkahawa umeshamiri lakini diko halikuondoka. Mashua zinapanda pale pale, wauza samaki wanapiga kelele pale pale, na mteja mwenye gari la fahari hana budi kupita katikati ya madema kuifikia meza yake. Hakuna ofisa aliyeamua kwamba harufu ya samaki inaharibu sura ya utalii. Tumewahi kuyasikia maneno hayo kwingineko, katika vikao vyenye vipoza hewa, na msemaji wake alikuwa amekwisha kula.

Ukiendelea pwani hiyo ya St. Elizabeth, unafika Treasure Beach, na mbele yake Parottee. Hapo, umbali wa kilomita moja hivi ndani ya maji, juu ya fungu la mchanga, mvuvi mmoja, Floyd Forbes, alijenga kibanda cha fito mwaka 2001 ili yeye na wenzake wapate pa kupumzikia. Kikaja kujulikana duniani kwa jina la Pelican Bar. Tulipelekwa kwa mashua ya mvuvi, tukapewa samaki aliyepikwa juu ya jiko la mkaa, tukala miguu ikining'inia juu ya bahari. Vinywaji vinavyouzwa hapo vingi si vyetu, lakini madafu hayakukosekana. Tufani ya Ivan ilikiangusha kibanda hicho mwaka 2004, wanakijiji wakakisimamisha tena. Tufani ya Beryl ikakiangusha tena Julai 2024, miezi michache baada ya sisi kuketi pale.

Barabara kisha huacha bahari kidogo na kufuata kingo za mto Black River. Katika kijiji cha Middle Quarters wanawake husimama kando ya njia na mifuko ya kamba wa mtoni, wekundu, waliochemshwa kwa chumvi na pilipili kali jamaa ya pilipili mbuzi. Huliwa kwa vidole, na maganda hutupwa dirishani. Tulinunua mfuko mmoja tukasema unatosha. Baada ya maili mbili tulimwomba dereva arudi. Mbele zaidi, mpakani mwa St. Elizabeth na Westmoreland, penye ghuba ndogo ya Scott's Cove, wapo wauzaji wa samaki wa kukaanga na bammy, nao hulizunguka gari kabla halijasimama sawasawa. Hapo hapana meza wala kiti. Samaki huliwa juu ya karatasi, mkono mmoja ukifukuza nzi, na huenda ndiye aliyekuwa mtamu kuliko wote.

Hapa hatuna budi kusimama, kwa kuwa tunaandika kuhusu pwani ambayo sivyo tena tulivyoiacha. Tarehe 28 Oktoba, 2025 tufani ya Melissa iliingia nchi kavu karibu na New Hope, katika parokia ya Westmoreland, ikiwa na upepo wa kilomita 295 kwa saa. Mji wa Black River ulivunjwavunjwa. Mashua, madema, mashine na vibanda vya pwani ile ya kusini-magharibi, ambavyo wengi walikuwa wamevifufua baada ya Beryl, vilipigwa mara ya pili katika muda usiofika mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo msomaji asiyachukue majina tuliyoyataja kuwa ni orodha ya milango iliyo wazi. Atakayekwenda aulize kwanza, na akikuta mama mmoja amewasha moto juu ya mafiga matatu mahali palipokuwa na mkahawa, basi ale hapo na alipe bila ya kupunguziwa.

Tufani humaliza kazi yake kwa usiku mmoja. Baada yake huja swali ambalo huchukua miaka: nani atakayerudi pwani? Hoteli ina bima, ina wanasheria na ina ramani iliyopigwa muhuri. Mama wa kibanda cha bati hana hata karatasi moja inayosema kwamba alikuwapo. Hilo ndilo jambo la kuangaliwa katika miaka hii, na watumishi wa serikali wa visiwa vyote wangefanya vyema kuliangalia kwa makini, kwani bahari inapanda kwa wote.

Ili kulifahamu jambo hilo inabidi kuijua sheria yao. Sheria ya Udhibiti wa Fukwe ya mwaka 1956, iliyotungwa chini ya ukoloni, iliuweka ufuo, yaani sehemu inayofunikwa na kufunuliwa na maji, katika miliki ya Ufalme, wala haikumpa mwananchi haki ya jumla ya kuingia pwani hata kuoga. Uhuru ulipopatikana sheria ilibaki. Hata hivyo iliacha mlango mmoja wazi: haki ambazo wavuvi wa kazi walikuwa nazo juu ya pwani kabla ya sheria hiyo hazikufutwa. Na iko sheria nyingine kongwe zaidi, ya mwaka 1882, isemayo kwamba pwani iliyotumiwa na watu kwa uvuvi, kwa kuoga au kwa mapumziko, pamoja na njia ya kuifikia, kwa miaka 20 mfululizo bila ya kuzuiwa, haki yao ya kuitumia huwa imethibiti. Juu ya sheria hiyo ya karne ya kumi na tisa ndipo wananchi wanaposimama leo mahakamani, mathalan katika madai ya njia ya kufikia Mammee Bay huko St. Ann.

Msomaji ataona mara moja nani anayeishikilia pwani kwa niaba ya nani. Pale ambapo mvuvi ameendelea kupandisha mashua, ushahidi wa miaka 20 unaandikwa kila asubuhi mchangani, na nyuma ya mashua hiyo mama lishe anapata mahali pa kuweka jiko, na nyuma ya jiko familia ya Kingston inapata Jumapili yake.

Pwani ya kaskazini tuliipita haraka, na tutaieleza haraka. Hiyo ndiyo pwani ya mahoteli ya malipo ya jumla, ambamo mgeni hulipa kila kitu kwao kabla hajapanda ndege na huvishwa ukanda mkononi. Mtindo huo ulianzia Negril mwaka 1976, ukaenea Montego Bay kuanzia mwaka 1981, na sasa umezagaa. Mwaka 2023 Jamaika ilipokea wageni zaidi ya milioni 4, na huku chakula kinachoagizwa kutoka nje kikigharimu nchi hiyo zaidi ya dola bilioni 1 za Kimarekani kwa mwaka. Hatusemi kwamba mahoteli hayana faida, yameajiri maelfu. Tunasema tu kwamba mgeni mwenye ukanda hana sababu ya kununua samaki barabarani.

Sisi wenyewe yalitukuta. Adhuhuri moja, katika mji ambao hatutautaja, tuliiona bahari baina ya kuta mbili, tukataka kushuka tukanawe uso. Askari wa mlango, kijana mwenye adabu, alitutazama mikono. Hatukuwa na ukanda. Akatuambia tunaweza kununua tiketi ya siku. Tulimuuliza yeye mwenyewe huoga wapi siku ya mapumziko yake. Akacheka, akatazama pembeni, akasema huoga nyumbani, kwa ndoo.

Kuna mambo mema kaskazini na magharibi pia. Katika Bluefields Bay, Westmoreland, na katika Oracabessa, wavuvi wenyewe wamekubali baadhi ya maji yao yafungwe yasivuliwe, nao ndio walinzi. Bluefields ilitangazwa hifadhi mwaka 2009. Hiyo si kazi nyepesi kwa mtu mwenye watoto, na haikufanywa kwa amri peke yake.

Tulimaliza kwenye ncha ya mashariki, Boston Bay, katika parokia ya Portland. Hapo ndipo nyumbani kwa nyama ya jerk. Waafrika waliotoroka utumwani na kujificha katika milima ya Blue Mountains, waitwao Maroon, waliwapiga vita Waingereza mpaka wakawalazimisha kuweka mkataba mwaka 1739. Wakiwa msituni waliwinda nguruwe mwitu, wakampaka chumvi na viungo, wakamchoma polepole mashimoni ili moshi usiwafichue kwa askari. Viungo vyenyewe ni pilipili kali, vitunguu majani, tangawizi, na punje za mti wa pimento, ambao kuni zake pia ndizo hutiwa chini ya nyama. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mkarafuu. Tulipoisugua punje yake kiganjani tulisikia harufu ya karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja, tukakumbuka majamvi ya karafuu za Pemba yaliyoanikwa barabarani.

Msomaji Mwislamu na atanabahi: Boston nyama ya nguruwe na kuku huchomwa juu ya fito zile zile na kukatwa kwa shoka lile lile. Tulimweleza mpishi hali yetu. Hakushangaa wala hakucheka. Alikwenda kwenye jiko jingine la nyuma, akatuchomea samaki ndani ya karatasi ya bati juu ya mkaa mpya, pamoja na shelisheli. Shelisheli aliletwa Jamaika mwaka 1793 na nahodha Bligh wa Kiingereza, ili watumwa wapate chakula rahisi. Huchomwa zima mpaka ganda liwe jeusi, kisha likamenywa likatoka jeupe na lenye moshi. Hilo la Boston lilikuwa limeiva sawasawa, wala halikuhitaji hata chumvi.

Jua lilikuwa limeelekea magharibi. Watoto wa skuli walikuwa wakiogelea na sare zao zimekunjwa juu ya jiwe, na mvuvi mmoja alikuwa akiosha wavu. Tulilipa, tukateremka kwa njia ya mchanga kwenda kunawa mikono baharini, na hapana mtu aliyetuuliza tunakwenda wapi.